Waganga wa Ulaya mbele ya bibi yangu

Miaka ya hamsini nilikuwa mwalimu wa shule ya misheni Ifakara, na padri mmoja aliniazima kitabu cha Kiingereza cha historia ya uganga wa Ulaya. Nilikisoma nikikasirika na kufurahi kwa pamoja. Kumbe hawa waliotuambia hirizi ni ushenzi walikuwa na hirizi zao. Walichora duara chini wakaita majina ya malaika, na wasomi wao waliamini kila mmea una nyota yake mbinguni.

Jumamosi nilipanda baiskeli hadi Idete kwa bibi yangu, mganga wa mizizi. Nilimkuta anapepeta mchele, na hata shikamoo niliitoa nikihema. Nikamsomea, huku nikitafsiri, jinsi mganga wa Ulaya alivyochimba mzizi: alfajiri, kimya, bila kugeuka nyuma.

"Na unga?" akauliza.

Kwetu huchimbi dawa kabla ya kuweka unga kidogo shinani na kuuomba mti ruhusa. Nikapekua kurasa zote, unga sikuuona.

Bibi akarudia ungo wake. "Basi huyo aliiba," akasema. "Ndiyo maana dawa zao zimeishia kitabuni."