Mtu Aliyejifunza Kupiga Hodi

Watu huniuliza kama nitampigia kura. Kura yenyewe sina, mimi ni mtu wa Tanga mwenye kibali cha kazi tu, lakini hata ningekuwa nayo, karatasi ile ningeifungia vitumbua kuliko kumpa yule bwana. Namdharau. Nalisema mapema ili msomaji asijisumbue kutafuta huruma humu ndani.

Tulifanya kazi pamoja Jeppestown, katika ofisi ndogo ya kusaidia wakimbizi, juu ya karakana ya kupaka magari rangi. Yeye alikuwa afisa ustawi wa jamii, mzaliwa wa hapahapa Johannesburg. Mimi nilikuwa mkalimani wake. Wateja wetu wengi walikuwa Warundi wa jengo moja la zamani barabara ya pili kutoka hapo, kiwanda kilichokufa kikagawanywa vyumba kwa mbao. Watu wale walikuwa na desturi yao: mlango ukigongwa, kimya. Redio inazimwa, watoto wanazibwa midomo. Anayegonga anaweza kuwa polisi, anaweza kuwa tapeli wa kodi, anaweza kuwa kundi la wenye hasira. Hakuna anayegonga kwa jambo la heri.

Bwana yule alishinda kwenye korido zile akigonga kama fundi bati, na hakuna aliyemfungulia. Ndipo nikamfundisha. Nikamwambia, kwetu mtu hagongi tu, anasema hodi, anangoja, anasema tena. Polisi wa hapa neno hilo hawana. Akalifanyia mazoezi ndani ya gari, kila tukisimama kwenye robot, ndivyo waitavyo hapa taa za barabarani, mpaka akalitamka kama mtoto wa Ujiji. Milango ikaanza kufunguka. Siku zile nilimheshimu, siwezi kukataa.

Wa kwanza kumfungulia alikuwa mama mmoja mshonaji, mjane, mwenye mabinti wawili waliokuwa wakisoma shule ya jirani. Alishona sare za shule na magauni ya kwaya. Chumba kile kilikuwa kitanda chake, kiwanda chake na anwani yake, na hiyo anwani ndiyo iliyowapa mabinti nafasi shuleni. "Nikipoteza chumba," alituambia, "wanangu wamepoteza shule." Nikafasiri. Bwana akatikisa kichwa kwa uchungu mwingi, akachukua andazi jingine. Kula alijua.

Siasa ilimwanzia kwenye mazishi. Akifa mtu katani, yeye huyo, anaomba kusema maneno mawili, na maneno mawili yanakula nusu saa marehemu akisubiri. Watu wakampigia makofi, na makofi yakamlevya. Viatu vikachongoka. Wateja wetu, aliokuwa akiwataja mmoja mmoja kwa majina, wakawa "watu wangu", kisha "jamii hizi". Alipoteuliwa kugombea udiwani wakawa "hili tatizo".

Maana wapiga kura wa kata walitaka majengo ya namna ile yafungwe. Siwalaumu wote. Wapo walioahidiwa nyumba wakiwa vijana na sasa wana wajukuu, maji machafu bado yanapita mlangoni. Lakini yeye aliyajua maisha ya mle ndani, alikuwa amekaa kwenye vitanda vyao akinywa chai yao. Akapanda jukwaani akawaambia watu kilichowafurahisha, akashuka anatabasamu.

Asubuhi moja wakaja wakaguzi wa majengo, nyuma yao vijana wa kampeni na fulana zao. Mimi sikuwapo, mama ndiye aliyenisimulia. Waligonga korido nzima wakakutana na kimya kilekile. Mama alikuwa kitandani, amewakumbatia mabinti. Kisha akasikia hodi, ya taratibu. Kimya kidogo. Hodi tena. Akaitikia karibu, akafungua, na bwana yule akasogea pembeni ili wenzake wapite.

Eish, huko kusogea pembeni ndiko kunakonichoma mpaka leo. Hata kuingia kwanza hakuthubutu. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hawakusema kwamba huwa kinaomba na sukari ya kuongeza.

Jengo likatangazwa si salama, likazibwa kwa mabati. Cherehani ikachukuliwa, eti biashara haina kibali. Mama akapata kona ya kulala Alexandra, mbali na shule, katika chumba cha mwanamke wa Kikongo, na mabinti wakakaa nyumbani bila shule. Bwana akashinda udiwani.

Nikamsindikiza mama ofisini kwa diwani. Bwana akainuka na tai yake, akamkumbatia mama kana kwamba walipotezana sokoni. Cherehani? Akapiga simu moja, na kabla hatujamaliza chai yake mbaya ikaletwa. Simu moja. Miezi yote ile mama anashona kwa mkono.

"Mwulize chumba," mama akaniambia.

Nikauliza. "Mweleze kwamba chumba hakiko mikononi mwangu," alijibu. "Kuna utaratibu." Kisha akataka picha, yeye na mama na cherehani katikati. "Mwambie atabasamu."

Nikamgeukia mama. "Anasema ucheke, dada. Wala usijilazimishe, mtazame tu hiyo tai, imefika kitovuni ikachoka."

Mama akacheka. Kicheko cha kweli, sikuwa nimemsikia akicheka vile tangu atolewe, na msaidizi wa diwani akakinasa chote. Bwana akanishukuru kwa kazi nzuri.

Mwaka huu anagombea kiti kikubwa zaidi, na picha ile ndiyo bango lake. Wameifunga kwenye nguzo za taa Jeppestown yote. Juzi nilikwenda na mama kuwaombea tena mabinti nafasi, tukajibiwa kilekile, bila anwani ya karibu hakuna nafasi. Tukarudi kwa miguu kupitia kwenye lile jengo. Mbele ya mabati kuna nguzo, na juu ya nguzo mama anacheka, mkono uko kwenye cherehani.

Alisimama akajitazama.

"Mwone yule," akasema. "Yeye hawajamtoa."