Siku Niliyomkana Ndikumana

Naona aibu hata kuisimulia, lakini kwa kuwa nusu ya Ilembo mmeshaisikia tena ikiwa imeongezwa chumvi, bora muisikie kwangu mwenyewe.

Ilikuwa Ijumaa, napukuchua mahindi uani na dada yangu Fausta, bodaboda ikasimama, akashuka mama wa Kizungu mwenye daftari. Kiswahili chake kilikuwa cha kitabuni, kimenyooka mno, na mimi mtu akininyooshea Kiswahili namna hiyo naanza kumtilia shaka. Akasema anaitwa Selini Tesie, katoka Kanada, upande ule wanaoongea Kifaransa, anafuatilia ukoo wake, na kaka wa babu yake alikuwa Padri Garnie, aliyefanya kazi kwenye makazi ya wakimbizi huku kwetu zamani.

"Babu yako naye Garnie?" nikamuuliza.

"Hapana, Tesie. Lakini baba mmoja, mama mmoja."

Hapo nikaona nimemkamata. Ndugu wa tumbo moja, majina mawili ya ukoo? Muongo huyu! (Msinicheke bado. Mimi ni Deo Nzeyimana, dada yangu ni Fausta Niyonzima, marehemu baba yetu alikuwa Ndikumana, maana sisi wenye asili ya Burundi kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe, la baba halirithiwi. Hilo halikunijia kichwani hata kidogo.)

Akafungua daftari. "Namtafuta Ndikumana au watoto wake, nina kitu cha kuwapa. Mnamjua? Alizaliwa wapi?"

Alizaliwa wapi! Swali hilo tumeulizwa kwenye ofisi za uhamiaji mpaka basi, vyeti vyetu vya uraia nimevifunga kwenye mfuko wa nailoni chini ya godoro, na moyo ukaniambia huyu katumwa aje avichukue.

"Hatumjui," nikasema. "Hapa sisi wote ni akina Maganga."

Huyo Maganga sijui nilimtoa wapi. Nikamkonyeza Fausta, naye akadakia, "Ndiyo, mimi Fausta Maganga," mgeni akatuandika wote, akashukuru, nikamsindikiza hadi barabarani nikihakikisha haongei na jirani yeyote. Mama yetu alikuwa shambani kule Mwamkulu (mama ambaye kila siku analalamika kwamba sura ya baba inaanza kumpotea, kwa sababu picha zote ziliungua na nyumba ya kwanza). Hatukumwambia kitu.

Jumapili, wakati wa matangazo, paroko akamwita mgeni mbele. Mimi nipo benchi la kwanza na wazee wa kigango, nimevaa suti. Mgeni akaeleza kwamba kwao zamani familia moja iliweza kuwa na majina mawili, la ukoo na la kupachikwa, mkubwa akashika hili, mdogo akashika lile, ndiyo maana anapata tabu kuwatafuta watu wake. Kumbe hakuwa muongo. Kisha akatoa picha ambayo Padri Garnie alipiga siku ya ndoa ya Ndikumana, akasema kesho anaondoka, asipoipata familia atarudi nayo.

"Nawashukuru akina Maganga wa Ilembo, walinipokea vizuri," akamalizia. "Yule baba pale, Deo Maganga, tafadhali simama."

Nikasimama, ningefanyaje? Kanisa zima likaguna.

"Maganga tangu lini?" mwenyekiti wa kwaya akauliza, watu wakaangua kicheko, na picha ikapitishwa benchi hadi benchi mpaka ikafika kwa mama yangu. Akaishika kwa mikono miwili.

"Uyu ni umugabo wanje!" akalia. "Mume wangu huyu!"

Halafu akainua macho, akanitazama mimi niliyekuwa bado nimesimama.

"Deo, baba yako ni nani?"

"Ndikumana," nikajibu, kwa sauti ya mtoto wa darasa la kwanza. Selini akafungua daftari lake, akaanza kufuta.

Naapa mbele yenu, siku nyingine mtu akiniuliza baba yangu ni nani, hata awe katoka wapi, namtajia. Picha sasa ipo sebuleni kwa mama, ndani ya fremu. Juzi nilinyoosha mkono niitazame vizuri, maana nasikia pua nimechukua ya baba, mama akaisogeza pembeni.

"Hii ni ya watoto wa Ndikumana," akasema. "Wewe Maganga, kaangalie za kwenu."