Kadi ya Mke Mwenza

Nilikuwa nesi wa Mvara, Arua, niliyejiona msomi. Nilikuwa nasomea diploma, na utafiti wangu ulikuwa Abuku, kule Koboko: kuwapima watu presha, kuwafundisha kupunguza chumvi, kisha kuwapima tena baada ya miezi mitatu. Hesabu yake inaitwa jaribio la t la jozi. Si ngumu. Kila mtu analinganishwa na yeye mwenyewe: presha ya mwanzo, presha ya mwisho, unatoa, unaangalia tofauti za wote. Sharti ni kwamba mtu awe yuleyule. Hata mtoto wa shule angeelewa.

Siku ya kupima mara ya pili iliangukia palizi ya simsim. Kulikuwa na mama mmoja ambaye presha yake ya kwanza ilinitisha mpaka nikahakikisha ameanzishiwa vidonge. Hakuja. Alikuja mke mwenzake, msichana mwembamba, ameshika kadi ya mkubwa wake.

"Mwenyewe iko shamba, sista. Pima mimi."

"Kadi ni ya yule, si yako."

"Wee! Mimi na yeye iko bwana moja, jiko moja, chumvi moja. Tofauti iko wapi?"

Foleni nzima ikacheka. Nami nikacheka, mjinga mimi. Kwao haukuwa udanganyifu. Umeitwa, huwezi kufika, unatuma mtu wa nyumbani, ndiyo heshima. Lakini mimi nilijua. Niliufunga mkono ule mwembamba, nikaandika, kwa sababu nilitaka jozi zangu zitimie.

Hesabu ikatoka safi. Mwalimu wangu alifurahi, tukarudi naye Abuku kuwasomea watu majibu. Safari hii yule mama alikuwepo, amekaa mbele kabisa. Nikafika kwenye namba yake. Ningesema, "Hii si yako, mama, njoo nikupime upya," mwalimu angeniuliza ni jozi ngapi nyingine ziko hivyo. Nikasoma.

"Mama, presha yako imeshuka vizuri sana."

Akapiga vigelegele. Nilijiambia nitamtafuta baadaye nimpime pembeni. Tukapewa chai, tukapiga picha, gari likaondoka.

Mwaka uliofuata nilimkuta wodini, mjini Arua. Mdomo umepinda, mkono wa kulia umelala tu juu ya shuka. Mke mwenzake alikuwa anamlisha uji. Aliniambia bila chuki yoyote kwamba vidonge waliviacha siku ile ya majibu, si sista mwenyewe alisema imeshuka?

Aibu ilinipanda mpaka masikioni. Nilikuwa na maneno tayari, wallahi nilikuwa nayo. Kabla sijafungua kinywa, mgonjwa akanguruma kitu. Mke mwenzake akainama, akasikiliza, akanigeukia.

"Anasema samahani, sista. Anasema makosa iko yake, siku ya kupima yeye alienda shamba."

Mama yule alinitazama, anasubiri.

"Hakuna shida, mama," nikamjibu. "Nimekusamehe."