Alisema Atarudi Akishajua

Kaa karibu, msomaji wangu, nikueleze habari ambayo mimi mwenyewe bado sijaizoea. Juma lililopita tulimzika mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale Gatitu, mzee wa kanisa, mtu ambaye nusu ya mabati ya mtaa ule yalipitia mikononi mwake. Aliuawa na bastola yake mwenyewe, chumbani, asubuhi kweupe, akiifungua ili aisafishe. Makaburini kuna walionong'ona kwamba huenda alikusudia. Hakukusudia. Nasema hivyo kwa sababu nilikuwepo siku aliyoikosea hatua ileile ya kutoa risasi kwa mara ya kwanza, na nilicheka.

Tulipata leseni karibu wakati mmoja. Yeye alikuwa amevamiwa dukani, akafungwa kamba pamoja na mkewe; mimi nyumba yangu iko peke yake ukingoni mwa mashamba ya kahawa. Mtu akishapewa bastola hudhani safari imefika mwisho, kama aliyekabidhiwa hatimiliki ya shamba: anaifungia sandukuni na kulala usingizi. Lakini leseni haifundishi mkono. Basi asubuhi moja ya ukungu tukajikuta wanafunzi sita kwenye uwanja wa shabaha, machimbo ya zamani ya mawe nje ya mji wa Nyeri, tukiwa na makoti mazito na hofu ambayo hakuna aliyeikiri. Mwalimu wetu alikuwa mama aliyestaafu polisi. Tulimwita Madam, hata wale waliomzidi umri.

Mzee alitusalimu kwa mkono mmoja mmoja, kama anayepokea watu mlangoni pa kanisa. Kisha zamu yake ikafika. Kila alipotaka kufyatua alifumba macho. "Madam, hii kitu iko na kelele kuliko vile niliambiwa," alisema, na Madam akamjibu kwamba hiyo ndiyo sauti yake, ataizoea, afungue macho tu. Alipiga risasi tano. Karatasi ya shabaha ilibaki kama ilivyotoka dukani.

Alipoambiwa aiondoe risasi bastolani, alivuta kwanza kile chuma cha juu ya bastola kinachoteleza kwenda nyuma. Risasi moja ikaruka nje, akaiokota, akachomoa magazini, yaani kile kisanduku cha risasi kinachokaa ndani ya mpini, akaamini amemaliza. Madam alimshika kifundo cha mkono taratibu. "Mzee, umeanza na hatua ya mwisho. Hiyo bado iko na risasi ingine ndani." Akatueleza sote: ukivuta chuma magazini ikiwa ndani, unatoa risasi moja na chuma kikirudi kinapandisha nyingine. Unaiona magazini mkononi, unadhani bastola ni tupu, kumbe umeijaza wewe mwenyewe.

Hapo ndipo nilipofungua mdomo. "Mzee, hiyo karatasi yako usitupe. Bado ni mpya, watoto wa Sande Skuli watachorea." Watu walicheka mpaka mmoja akamwaga chai. Naye mzee alicheka. Akaikunja ile karatasi mara nne, akaitia mfukoni mwa koti, akaenda kwenye pikapu yake bila kunywa chai. Hakurudi tena. Nilipompigia simu aliniambia kuna mzigo wa mabati unaingia. Baadaye Madam alinituma: "Mwambie aje siku yake, nitamfundisha peke yake, hata kama ni saa kumi na mbili asubuhi." Sikumwambia. Nilijiambia kwamba nitamwaibisha zaidi. Ukweli ni kwamba sikutaka kuugusa ule mzaha wangu.

Baada ya mazishi mjane wake aliniita kando. Hakujua lolote kuhusu siku ile. Alitaka tu kumjua mtu aliyefanya mazoezi na mumewe. Aliniambia ile karatasi ilikuwa imebandikwa ndani ya mlango wa kabati, na kila siku kabla ya kwenda dukani mzee alijifungia na bastola akijifundisha. "Nilimuuliza mbona haendi kwa mwalimu. Akasema atarudi akishajua."

Nimeyabeba maneno hayo siku zote hizi. Atarudi darasani akishajua somo. Na si yeye peke yake. Huku kwetu mtu mzima akishakuwa na mvi, duka na kiti cha mbele kanisani, tunamnyima ruhusa ya kutojua. Anayejifunza gari uzeeni hujifunza akijificha. Anayeshindwa kusoma cheti cha daktari husema amesahau miwani. Kuuliza si ujinga, tunawaambia watoto, kisha mtu wa miaka sitini akiuliza tunatazamana na kutabasamu. Kwa gari au miwani aibu hiyo inaweza kusubiri. Kwa bastola haisubiri.

Kwa hiyo wewe uliyepata leseni juzi, usijifundishe chumbani. Nenda uwanjani, useme wazi kwamba hujui, ukosee mbele ya mwalimu mpaka mkono ukumbuke wenyewe. Mtutu uelekee mahali salama, kidole kiwe mbali na kifyatulio. Toa magazini kwanza. Kisha vuta chuma, ukishikilie nyuma, uangalie ndani kwa macho, uingize kidole kidogo uhakikishe ni tupu, halafu urudie. Na ukimwona mwenzako ameanza na ya mwisho, usicheke. Mwache mwalimu amsahihishe, umpe chai, umwambie arudi kesho.