Taya la Bibi

Kwa miaka thelathini shangazi alipima mifupa ya taya kwenye maabara ya polisi, ili ijulikane kama marehemu alikuwa mwanamume au mwanamke. Katika kila ripoti aliandika "yaelekea", hata wakubwa wakimnunia.

Alipokuwa mwanafunzi, alikuja nyumbani na kipimio cha chuma, akampima taya bibi aliyekuwa akichambua mchele. Upana, kimo, pembe: vyote vilisema mwanamume.

"Kamwambie mwalimu wako," bibi alisema bila kuinua macho, "huyo mwanamume wenu amezaa wanane, na kitindamimba wake ndiye huyu mkaidi anayenitia chuma shavuni."

Bibi hayupo tena. Shangazi amestaafu, na kila akisimama mbele ya kioo hupapasa taya lake, pana kama la bibi, na kusema, "Yaelekea ni mama."