Jinsi Shangazi Denise Alivyoipeleleza Norwei

Posa ya Héritière ilipokuja kutoka Norwei, Denise alikosa usingizi, na si kwa furaha. Mposaji mwenyewe hakuwa mgeni. Alikuwa Joël, kijana aliyekulia chumba cha pili katika nyumba hiyohiyo anayokaa Denise, Bellevue, Johannesburg, akivunja vioo vya watu kwa mpira mpaka yeye na mama yake walipochukuliwa na mpango wa wakimbizi na kupelekwa huko kwenye barafu. Sasa ni mwanamume mzima, anahudumia wazee katika nyumba ya kutunzia wazee, na kila jioni simu ya Héritière ikilia, msichana hutoka mbio uani kama mtu aliyeanika nguo akasikia mvua.

Héritière ni binti wa marehemu kaka mdogo wa Denise. Denise alimbeba mgongoni kutoka Uvira, Kongo, akamlea kwa cherehani, akamsomesha kwa cherehani, na kama ungemuuliza ana watoto wangapi angekujibu mmoja bila kupepesa macho. Katika ukoo wao neno la shangazi ndilo la mwisho kwenye ndoa. Kaka yake mkubwa, Ignace, mlinzi wa ghala moja kule Doornfontein, ndiye angekaa mbele na kupokea wakwe, lakini alishasema wazi kwamba bila neno la Denise hafungui mdomo.

Sasa kwao posa haijibiwi hivihivi. Kwanza watu hutumwa kupeleleza: mama mkwe ana ulimi wa namna gani, jiko lao linawaka au limelala, mgeni akifika anapokewaje. Denise mwenyewe, enzi za usichana wake, alitumwa kumpelelezea binamu yake. Alijifanya anatafuta mbuzi aliyepotea, akarudi jioni na habari za ukoo mzima. Lakini nani atakwenda Norwei kutafuta mbuzi? Na kumuuliza Joël ni kazi bure, maana hakuna mchumba duniani atakayekuambia kwamba kwao ni kubaya.

Hofu ya Denise ilikuwa moja tu, na aliisema kwa kila aliyekuja kushonesha. Aliogopa mtoto wake ataingia kwenye nyumba ambayo hakuna atakayemuuliza kama amekula.

Ni Héritière aliyetaja, kwa bahati mbaya au kwa makusudi, kwamba kwenye televisheni yao, ukilipia intaneti, filamu za Norwei zimejaa tele. Denise aliinua mguu kutoka kwenye kanyagio la cherehani. "Basi tutawaangalia humo humo," akasema. "Jumapili, tukitoka kanisani. Na Ignace aje."

Ndivyo ulivyoanza upelelezi wa Norwei. Jumapili ya kwanza walikaa wanne sebuleni, kwa maana jirani yao Mama Zabibu, mwanamke wa Kigoma anayeuza dagaa sokoni, hajawahi kusubiri mwaliko popote. Maandishi ya chini ya picha yalikuwa ya Kiingereza, yanapita upesi, na wakubwa hao watatu Kiingereza chao ni cha sokoni na getini. Kwa hiyo Héritière alikaa kwenye mkeka karibu na televisheni, akawa anasoma na kutafsiri kwa sauti. Hakuna aliyefikiria kwamba mkalimani mwenyewe ndiye bibi harusi.

Maoni yalianza kabla jina la filamu halijatokea.

"Jamani, wanavua viatu mlangoni!" Mama Zabibu alifurahi. "Hawa wana adabu, mwenzangu. Hapo sina neno."

Ignace aliona mishumaa mezani. "Kumbe na bo, hawa Wanorwei, wako na loadshedding?"

"Hapana, Papa Ignace," Héritière akamjibu. "Umeme haukatwi. Wanapenda tu."

"Eish," Ignace akasema.

Yakafuata mengine. Watu wenye nyumba nzuri mjini walifunga safari kwenda kupumzika mlimani, kwenye kibanda cha mbao kisicho na bomba, choo kiko nje, maji wanachota kwenye kijito. Ignace alicheka hadi akakohoa. Alisema yeye alikimbia maisha hayo kwa miguu yake miwili, na wenzake wanayalipia. Mama Zabibu naye alimpenda sana mwanamume mmoja aliyebaki nyumbani na mtoto mchanga huku mkewe yuko kazini. Alimtazama akipika na kubadilisha nepi, akatangaza kwamba filamu hiyo ionyeshwe kwa lazima kwa wanaume wote wa Johannesburg, kuanzia na mume wake mwenyewe.

Denise hakucheka. Yeye alikuwa anaangalia milango. Kila mlango ulipofunguliwa alisogea mbele kwenye kiti, na Héritière, akiwa amempa mgongo, alisoma: "Hodi wenyeji. Karibu sana. Habari za huko? Za huko njema, watoto hawajambo? Karibu chakula." Denise alirudi nyuma kidogo, akapumua. Watu wa baridi, lakini wanajua kusalimiana. Hilo lilimtuliza.

Kisha wakamlaza yule mtoto nje. Kwenye kigari, uani, theluji inaanguka, mtoto amefungwa kama kifurushi na pua yake nyekundu, na mzazi amerudi ndani kunywa kahawa. Denise alisimama wima.

"Wamemutupa mutoto! Ignace, unaona? Wamemutupa!"

"Anasema ni dakika moja tu, Shangazi," Héritière alisoma haraka. "Anasema anafagia, hataki vumbi limwingie kifuani."

"Mbona hafagii? Si anakunywa kahawa?"

"Anasema... amechoka. Atafagia sasa hivi."

Denise alikaa, lakini jambo hilo lilimkaa rohoni wiki nzima. Alishona gauni la mteja mkono mmoja mrefu kuliko mwingine, akalifumua. Wateja walipomuuliza kuhusu harusi aliwajibu kwamba watu wanaolaza watoto kwenye friji hawawezi kupewa bibi harusi bila kufikiriwa. Héritière alisikia, akawa anakula kidogo, na Denise aliona.

Jumapili iliyofuata filamu ilikuwa ya bibi mmoja mzee, anakaa peke yake chini ya mlima, maji meusi mbele ya nyumba. Mwanawe amepotelea mjini kwa miaka mingi. Siku moja anasukuma mlango na kusimama pale, theluji mabegani. Bibi amempa mgongo, yuko jikoni anamenya viazi.

Héritière alianza kusoma. "Karibu, mwanangu, karibu. Kaa huku, usikae karibu na mlango, upepo huo si rafiki yako. Umekula? Usiniambie umekula, shavu linaonyesha. Weka mzigo chini, dunia haikimbii, kwanza tumbo."

Ignace alitoa kitambaa akajifuta macho. Mama Zabibu alikuwa analia waziwazi, bila aibu. Denise peke yake macho yake yalikuwa makavu, kwa sababu alikuwa ameona kitu. Bibi alikuwa amegeuka sasa, uso wake umejaa kwenye kioo cha televisheni, na mdomo wake umefungwa. Chini ya picha hapakuwa na maandishi yoyote. Hapakuwa na herufi hata moja, na Héritière alikuwa bado anasoma.

Tena yale maneno aliyajua. Dunia haikimbii, kwanza tumbo: huyo si bibi wa Norwei. Huyo ni yeye, Denise, asubuhi zote za shule, amesimama mlangoni na chai mkononi. Mashavu yalimwaka moto. Mtoto alikuwa amewachukua watu wa nchi nzima akawatia mdomoni maneno ya shangazi yake, kwa sababu hakujua mtu mwema anazungumza kwa namna gani nyingine.

Hakumwaibisha. Alisubiri filamu iishe, akamwambia Mama Zabibu aende akapashe moto ugali na sombe, mboga ya majani ya muhogo, akamtuma Ignace akanunue soda kwenye spaza, duka dogo la kona. Mlango ulipofungwa alisema, "Rudisha pale kijana anaingia. Sasa unisomee maneno ya bo wenyewe."

Héritière alirudisha picha. Hakumtazama. Mlango ukafunguliwa tena, theluji mabegani, viazi jikoni.

"Bibi anasema, 'Umekuja.'"

"Na mutoto?"

"Anasema, 'Ndiyo.'"

"Halafu?"

"Basi, Shangazi. Hakuna kingine."

Wakaangalia pamoja. Bibi aliongeza viazi kwenye sufuria. Aliweka sahani ya pili mezani, akaketi mbele ya mwanawe, akamwangalia akila, na hakuondoa macho mpaka sahani ilipokuwa tupu. Denise alijikuta ameshika mkono wa kiti. Ilimuuma kuona namna mama yule alivyonyamaza, na wakati huohuo aliielewa kabisa.

"Na yule mutoto wa kulala inje? Muzazi wake alikuwa anafagia kweli?"

"Hapana. Watoto wote kule hulala nje, hata wenzake Joël kazini wanasema hivyo. Wanasema ni afya." Héritière aliinamisha kichwa. "Niliogopa utakataa."

"Unamupenda hivyo?"

"Ndiyo."

Mtoto huyu aliyewapamba Wanorwei kwa salamu wasizozijua, leo neno lake mwenyewe aliliacha lilivyo, na Denise alijua kwamba hilo halikutafsiriwa. Akamwona jinsi alivyokuwa mkubwa. Nyumba yoyote atakayoingia, chini ya mlima wowote, haitakosa wa kuuliza kama watu wamekula. Hofu ile aliyoishika kwa majuma ilimwachia kifua, na alipovuta pumzi alihisi furaha, furaha hasa, na machozi juu yake.

Ignace aliingia na soda. Denise alijifuta uso kwa kiganja.

"Kaka, pigia mama yake Joël. Mwambie waje."

"Kweli? Na kile kitoto cha kwenye baridi?"

"Wakizaa watamlaza ndani. Huyu atawafundisha."

Ignace alipiga kelele ya shangwe, na Mama Zabibu, aliyekuwa ameweka sikio mlangoni muda wote, aliingia na vigelegele na mwiko mkononi. Héritière alimrukia shangazi yake shingoni, akilia na kucheka, akisema asante mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

"Acha, acha, unaniziba pumzi," Denise alisema, akimshikilia vilevile. "Wewe nenda. Mimi ndiye nitabaki na shida. Jumapili nitakaa hapa na nani wa kunidanganya vizuri hivi?"