Nyoka Mweupe wa Mdogo Wangu

Mdogo wangu alizaliwa na ualbino, na pale Kihesa miaka ya hamsini watu walimwita zeruzeru hata mbele ya mama. Siku moja tulikuwa tunapalilia mahindi, akakuta kitoto cha nyoka chini ya jiwe, cheupe kabisa, chenye macho mekundu.

"Dada, tumefanana," alisema, akakitia kwenye kibuyu.

Mama alikitazama, akasema nyoka wa aina hiyo hana sumu. Basi mdogo wangu akawa anamlisha minyoo na vyura wadogo. Jua likiwaka alimhamishia kivulini, maana mwenyewe aliyajua maumivu ya kuungua. Nyoka alinenepa, akazoea kujizungusha kwenye kidole chake. Sikuwahi kumwona mdogo wangu akicheka vile.

Kisha baba mkubwa akaja kututembelea kutoka Mbalizi. Alipochungulia kibuyuni, alimmwaga nyoka uani akamkata kwa jembe.

"Mkosi mmoja nyumbani unatosha," alisema.

Baba alikuwa amesimama palepale. Alichosema ni, "Kaka, karibu ndani, chai inapoa."

Mdogo wangu hakulia. Alimzika nyoka wake, akanawa mikono, akaniuliza kama baba alisikia maneno yale. Nikamwambia hakusikia.

"Alisikia," alinijibu.

Tangu siku hiyo hakumwita tena baba. Akihitaji kitu alinituma mimi. Baba hakuuliza kwa nini mpaka anakufa, na mimi sijamsamehe.